Nimeambiwa Nitunge Kwanza Ndipo Nikosoe

Ndugu Mshauri,

Nakuandikia nikiwa nimechoka, nisaidie kabla ya Jumamosi. Mimi ni mwalimu wa kisomo cha watu wazima katika kijiji kimoja cha ujamaa huku Kaniha, Biharamulo, darasa langu ni akina mama kumi na wawili, wengi waume zao wamekwenda vitani, na kwa kuwa vitabu vya kisomo tulikwisha kuvimaliza mara mbili nikaanza kuwasomea utenzi mmoja wa kale wa vita, ambao chuoni tulifundishwa kuwa haukosolewi. Tulipofika mahali mjane anapoletewa habari na katika ubeti huo huo anasimama kumsifu marehemu, mama mmoja, Felisita, ambaye mumewe aliuawa ng'ambo ya Kagera mwezi wa pili, akasema, "Mwalimu, huyu mzee aliyetunga hakuuliza mtu. Mimi nilipoambiwa niliendelea kumenya mihogo mpaka ikaisha, halafu nikatafuta mingine."

Nafundisha mwaka wa kumi na moja na sikuwahi kuliona hilo, basi nikaliandika vizuri, nikalibandika kwenye ubao wa matangazo kwa jina langu, na watu wakanipongeza, hata mratibu wa elimu alipopita akanipa mkono. Ndipo mzee Ngeleja, mtunzi wetu wa ngonjera, aliyehamia huku na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, aliposimama mkutanoni akasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na asiyetunga hana mdomo wa kuwagusa wakubwa, na mwenyekiti akaamua nilete beti mia moja Jumamosi hii au nifute maneno yangu mbele ya wote. Hapo niliona aibu, Mshauri, nikasema maneno yenyewe si yangu, ni ya Felisita, na watu wakacheka sana, naye alikuwepo. Tangu siku hiyo haji darasani. Wenzake wanakuja, lakini nikiuliza swali wanatazama chini.

Nimejaribu kutunga wiki tatu nikapata beti nne, zinafanana na tangazo la mbolea. Basi, nakiri, nikachukua beti za utenzi ule ule, nikabadili majina ya watu na ya mito, na sasa zimetimia mia. Ngeleja hatagundua, kwa kuwa utenzi anaoutetea hajausoma. Je, nizisome ili nipate haki ya kukosoa, au nifute maneno yaishe?

Mwalimu Protasi,
Kaniha.

Mwalimu Protasi,

Pole kwa uchovu. Nami nimechoka, na barua yako imenichosha zaidi. Tuanze na Ngeleja. Kwao Shinyanga ngoma mbili zikishindana, mshindi ni anayejaza watazamaji upande wake, na wengi wa watu hao hawawezi hata kutikisa bega. Mbona hawaambii wacheze kwanza? Ili ukosoe utenzi huhitaji kutunga. Unahitaji kuusoma wote, kwa haki, na kulijua jambo linalosimuliwa. Kitanda hicho Felisita amekilalia. Mtunzi, kwa heshima zote, sina hakika.

Hilo ndilo uliloniuliza. Ambalo hukuniuliza ni baya zaidi. Maneno yalipoleta pongezi yalikuwa yako, yalipoleta kicheko yakawa ya mjane. Sasa umemwibia na marehemu mtunzi. Ndugu yangu, shida yako haipo kwenye vina. Una tabia ya kuchukua vya watu, na kwa mwalimu ni aibu.

Choma hizo beti leo. Kesho asubuhi nenda kwa Felisita mwenyewe, usitume mtu wala usibebe sukari. Mwambie ulichukua maneno yake, kisha ukamwacha achekwe peke yake. Muulize kama anaruhusu jina lake litajwe tena mkutanoni. Akikataa, Jumamosi simama ukiri kosa lako tu, na useme maneno yale ni ya kweli na huyafuti. Mwenyekiti akikunyang'anya darasa, likupotee. Wale akina mama kumi na mmoja wanataka kujua kama mtu akisema alichokiona mwalimu wake atasimama naye, na mpaka leo jibu wanalo.

Huenda Felisita asirudi darasani kamwe. Nenda hata hivyo.