Mkono wa Kulia Unabana

Mirongo,
Mwanza.
10 Mei 2026

Mpendwa mdogo wangu Zakia,

Assalaam alaykum. Najua shikamoo yako imeshatoka mdomoni kabla hujaifungua bahasha, kwa hiyo marahaba, tena mara mbili. Habari za Njombe? Shemeji Farouk na mbao zake hawajambo? Nusrat wenu amepona kile kikohozi? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Magoti tu ndiyo yananisumbua nikipanda ngazi, na huo ni uzee, sina wa kumlaumu.

Kifurushi hiki ni sweta lako la baridi ya Juni. Usilivae kwanza. Soma barua mpaka mwisho, maana nakujua, ukiona kasoro utanipigia simu kunicheka kabla hujajua sababu.

Unamkumbuka Prudencia, yule mwalimu Mhaya, jirani yangu uliyemkuta msibani kwa mama? Mwaka wa kumi na tisa huu tunafuma pamoja barazani kwangu kila alasiri, yeye na rozari yake mfukoni, mimi na tasbihi yangu. Mikono yetu imezoeana. Akifuma yeye nusu nami nusu, hata fundi hajui nani kaishia wapi. Sasa amestaafu, na kaka yake, mzee Kahigwa, amemwita arudi Kamachumu kwenye kibanja, shamba la migomba la baba yao. Prudencia akasita. Akaniomba nimsindikize akaangalie kwanza, ndipo aamue.

Unajua nilimwambia nini? "Nenda tu, Mwalimu. Kwenu ni kwenu." Nilisema huku natabasamu. Moyoni nilikuwa nimenuna kama mtoto aliyenyimwa andazi.

Tuliondoka Jumatatu baada ya sala ya alfajiri, kwa kigari chake cheupe. Yeye anaendesha, mimi nafuma mkono wa kulia wa sweta lako. Daraja la Busisi tulilivuka hata mistari miwili sijamaliza. Wewe uliyeziacha foleni za kivuko na samaki wa kukaanga pale Kigongo hutaamini. Katoro tukanywa chai, Biharamulo mvua ikatukuta. Njia nzima Prudencia anaongea: migomba, kahawa, nyumba ndogo aliyotengewa na kaka yake, kanisa lilivyo karibu. Mimi naitikia, "Ehe, vizuri," na sindano zinakwenda.

Kamachumu walitupokea vizuri mno. Mzee Kahigwa alinipa buni za kutafuna kabla hata ya maji. "Tafuna kwanza, mgeni wetu, habari hazikimbii," akasema. Ni mtu mpole, na ile nyumba kubwa anaishi peke yake. Siku nne tulikula ndizi na maharage mpaka nikaogopa kurudi na mwili mwingine. Prudencia alikaa kibarazani akifuma mkono wa kushoto, miguu peku, akisalimiana kwa Kihaya na kila apitaye njiani, akicheka kwa sauti. Mirongo sijawahi kumwona hivyo.

Siku ya mwisho tukaitandaza ile mikono miwili juu ya mkeka ili tuiunge. Vitanzi idadi ileile, mistari ileile. Wa kwake ukauzidi wa kwangu kwa vidole vitatu. Sisi hawa, baada ya miaka kumi na tisa!

Prudencia akaupapasa wa kwangu. Ulikuwa umekazwa hata kidole hakipenyi.

"Shamsia," akasema, "ulikuwa unafuma au unaninyonga?"

Nikacheka, na katikati ya kucheka machozi yakanitoka. Nikamwambia kweli, kwamba sitaki ahame, na kwamba sijui barazani nitakaa na nani. Kisha akachukua sindano. "Basi tuufumue, tuanze upya. Narudi nawe Mwanza, maneno yaishe."

Nilikuwa nimepata nilichokitaka, mdogo wangu, na nilishindwa kukipokea. Maana nilikuwa nimeushika ule mkono wake wa kushoto. Vitanzi vimelala, vimeachia, havina haraka hata kidogo. Uzi wa namna hiyo hufumwa na mtu aliye kwao. Nimefuma miaka mingi mno, siwezi kujifanya sijauona. Nikamwambia tusifumue kitu. Tukaiunga mikono vilevile ilivyo.

Tumerudi wote Jumamosi na mikungu miwili ya ndizi. Sasa anafunga vyombo, ataondoka baada ya Idi ya kuchinja, na pilau atakula kwangu kwanza. Tumekubaliana: sweta lijalo atafuma mgongo kule, mimi kifua huku, na mabasi yatatupelekea. Tutaona kama vitalingana.

Nawe nina neno lako. Siku ile ulipoondoka na Farouk, pale stendi, nilikwambia, "Nenda salama," nikageuka upesi. Ukamlalamikia mama kwamba dada hakulia. Zakia, nilitaka ubaki. Miaka ishirini na miwili sijakwambia, na ingekuwa si mkono huu ningekufa nalo.

Nisalimie sana shemeji na Nusrat, na yule jirani yako Evelina aliyenitumia viazi. Kaka Abubakary wa Ilemela anakusalimu, anauliza bei ya mbao za dari, nimemwambia apige simu mwenyewe. Prudencia anasema Mungu akulinde, nami naitikia amina.

Haya, sasa vaa. Ukiinua mkono wa kulia ukaona unakubana, usimpelekee fundi auachie. Huo ni mimi, nimekushika.

Wako akupendaye tangu pale stendi,
dada yako,
Shamsia