Ukuta Wako Tumeuvalisha Magunia

Baba Kemunto, binti yako anafundisha mvua ikinyesha! Wiki iliyopita ilinyesha ile mvua yetu ya saa nane, ya kuvunja migomba, na Kemunto akaendelea na somo mpaka mwisho kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani. Watoto hamsini na wawili wakamsikia, hata wa nyuma kabisa. Nilikuwa pale. Sikuhadithiwa.

Haya, sasa nikusalimu. Sisi ni wazima. Majani ya chai ni mengi, goti langu linanisumbua kidogo tu wakati wa kuteremka kuyapeleka kituoni. Huko uliko najua hupokei barua, lakini hii nimeiandika watu waisome, maana habari kama hii haifai kukaa na mjane mmoja jikoni.

Unakumbuka wakati ulipojenga lile darasa? Watoto walikuwa wakisomea kwenye chumba cha udongo, wazazi tukaamua tujenge la mawe, nawe ukachaguliwa fundi, na ni nani mwingine angechaguliwa? Kuta ziliposimama ulitaka kuziacha zikiwa na plasta ya kuparuza. Ulisema inatosha, darasa si benki. Mimi ndiye niliyekataa. Nilikuja na uji, nikapitisha kiganja ukutani, nikakwambia, "Sugua mpaka nzi ateleze." Nilijua wageni watatoka Nyamira na sikutaka mtu aseme mume wa Moraa hajui kazi. Ukacheka, ukachukua mwiko wa chuma, ukasugua siku tatu. Ule ukuta uling'aa, Baba Kemunto. Siku ya kufungua, afisa alihutubia ndani yake na hakuna aliyeshika neno hata moja, tulipiga makofi tulipoona amefunga mdomo. Nilidhani ni mambo ya ukubwa. Nilidhani jengo zuri lazima livume.

Basi Mungu si Athumani, Kemunto akasomea ualimu, na shule zote hizi zilivyo nyingi, akaletwa pale pale, gredi ya nne, darasa lako. Nilitembea soko zima la Nyakoe nikisema. Hata anayeuza viazi alinikimbia.

Mwaka wa pili sauti ikaanza kumkauka. Kwanza ya ukwaruzo, nikampa tangawizi na asali. Kisha ikawa akifika nyumbani jioni haongei kabisa, ananionyesha kwa mkono kwamba anataka chai, na mengine ananiandikia kwenye kikaratasi. Mtoto aliyerithi sauti yako, iliyokuwa ikiitwa mbele ya kwaya kila Sabato! Daktari kule Kisii mjini akamwambia wazi: akiendelea kupaza sauti namna hiyo, muhula mmoja au miwili, atafute kazi nyingine.

Jioni hiyo aliniandikia kwamba tatizo ni darasa. Kuta laini zinarudisha kila sauti, mabati matupu yanapiga ngoma, sakafu inapiga kelele madawati yakivutwa. Alitaka kutoboa ukuta na kuufunika kwa vitu laini. Nilikasirika. Nilimwambia ukuta wa baba yake hautobolewi nikiwa hai, na kama watoto wanapiga kelele awanyamazishe. Hakubishana. Aliandika mstari mmoja tu: "Mama, njoo ukae dawati la nyuma."

Nikaenda, nimevaa ile nguo yangu ya samawati. Alikuwa akiwasomea imla. Nilimwona akifungua mdomo, nikaona mishipa ya shingo, lakini kilichonifikia nyuma ni kama watu watatu wanaosema pamoja ndani ya mtungi. Halafu mvua ikaja. Baba Kemunto, wale watoto waliweka kalamu chini. Hakuna aliyewaambia. Wote waliweka kalamu, wakalaza vichwa juu ya madawati, wakangoja, kama ng'ombe wanavyongoja lango lifunguliwe. Wamezoea. Kila siku ya mvua, na hapa kwetu mvua ni kila siku. Na binti yangu amesimama mbele, mkono kooni.

Nikautazama ukuta unavyong'aa. Nikajua ni mimi. Wewe ulitaka kuuacha na mikwaruzo yake.

Kwenye mkutano wa wazazi nikasimama kuongea kwa niaba yake, maana yeye hakuwa na sauti ya kusimama nayo. Mama Nyaboke wa ng'ambo ya mto, unamjua, akauliza kama sasa tunataka watoto wasomee ndani ya godoro. Watu wakacheka, nami nikacheka, kisha nikamwambia aje akae dawati la nyuma saa nane. Alikwenda. Kesho yake ndiye aliyeita risaga, kazi ya pamoja kama tunavyopaliliana mashamba.

Wanawake walibeba magome makavu ya migomba kwa mizigo. Tuliyachovya kwenye maji ya chokaa ili panya wasipate makao, tukayaanika, tukayashindilia kwenye magunia yaliyofuliwa, tukayakaza kwenye fremu za mbao. Mengine yakawa dari chini ya mabati, mengine ya ukutani. Miguu ya madawati tukaivalisha viatu vya tairi. Kemunto alikuwa anaelekeza kwa kidole, na hakuna aliyethubutu kukosea.

Ilipofika kugonga misumari, mwalimu mkuu alitaka kumwita fundi. Nikasema hapana, ukuta huu hautaguswa na mtu kabla yangu. Nikakuomba radhi kimoyomoyo, nikapiga. Msumari ukapinda. Wa pili ukapinda. Wa tatu nao. Mama Nyaboke akasema, "Huyu mzee alichanganya simiti au alichanganya chuma?" Niliona fahari mpaka nikakaa chini. Wa nne, ule mgumu wa simiti, ndio ulioingia.

Sisemi mvua imekufa. Inasikika, kama jirani anayepeta wimbi kwa ungo. Lakini watoto hawalazi vichwa tena. Sauti ya Kemunto inarudi polepole, daktari amesema asiache kazi, na Sabato iliyopita aliimba ubeti mmoja, wa chini, kwa uangalifu. Mmoja tu, lakini kwa sauti yako.

Sasa wanataka kuja kuliona darasa: walimu wa Keroka, maafisa wa Nyamira, wazazi wote. Mwalimu mkuu alipendekeza asubuhi, kabla mvua haijawalowesha wageni. Nikamkatalia. Nimesema waje mvua ikiwa juu ya bati, Kemunto asimame mbele awasomee imla, na wakubwa wakae madawati ya nyuma.

Pumzika, fundi wangu. Kazi yako bado imesimama, tumeivika tu.

Ni mimi mkeo, Mama Kemunto.

Na wengine mnaosoma hii, msiseme hamkualikwa: Jumapili ya kwanza baada ya shule kufunguliwa, saa nane kamili.