Nyumba ya kartoni na bageni ba Katogota

Siku ya yenga, Jumapili, baada ya misa ya kwanza. Mvua inapiga mabati tangu turudi, hakuna wa kutoka. Tuko wote saloni, sebuleni, tunapumuliana usoni.

Minye mwenyewe niko mwaka wa mwisho, sehemu ya ujenzi. Prof alitupa kazi: kila mmoja alete maketi, mfano mdogo wa nyumba ambayo familia yake ingejijengea. Inatakiwa kesho. Basi niliomba kartoni za sabuni dukani hapa Kimanga, nikapika gundi ya bunga ya mihogo, nikaanza kukata kuta.

Kosa langu ni kuifanyia mezani, mbele ya watu. Kwetu mtu akiona nyumba, hata ya kartoni, anatafuta pa kulala. Kaka alitaka chumba chenye mlango wake wa nje. Mama akataka jiko lisilorudisha moshi, na pahali pa bibi akija kutoka Bwegera. Wadogo wakagombania dirisha. Nakata tu, nabandika tu.

Papa alikuja wa mwisho. Akaweka kidole kwenye saloni ya kartoni: "Hapa upanue. Bageni ba Katogota bakikuya, batakaa wapi?"

Hao wageni ni familia ya mwanaume anayetaka kunioa. Wanakuja kiangazi hiki, labda hata kabla sijapata diplome.

Nikapanua. Kwa mkono wangu mwenyewe.

Ndipo nikaona chumba changu hakimo. Nikamuuliza papa minye nitalala wapi. Alicheka kwa upole: "Weye utakuwa na kwako, mwanangu." Nikamwangalia mama. Alikuwa anafuta gundi mezani, pahali palipokwisha kuwa safi.

Nina hasira, na nina haya kwa hiyo hasira, maana papa ananipenda. Angekuwa mtu mubaya ningejua pa kuanzia. Hata kulia nashindwa. Nitalilia wapi humu?

Mvua ilipopungua walitoka mmoja mmoja. Nikachukua wembe, nikaondoa saloni yote. Pale nikasimamisha ukuta, nikaweka dirisha na kitanda kimoja. Naogopa. Najua kartoni haizuii posa, na wageni wanaweza kukalishwa hata uani.

Mama amerudi kabla sijamaliza. Ameiangalia sana, ameona saloni haiko.

"Utie mulango," amesema. "Wa kufungia kwa ndani."

Sasa nakata mlango.