Mkono Wako wa Kushoto Ulifika

Mpendwa dada yangu Mwanakombo,

Juma lililopita tulikusanywa walimu wa shule za msingi kwenye ukumbi mmoja kule Port Reitz, tufundishwe namna ya kuwapokea watoto walemavu madarasani. Mgeni kutoka Ulaya, mama wa watu mpole tu, akatueleza kuwa tatizo letu ni mila: eti sisi watu wa Pwani huwafungia watoto hawa ndani kwa aibu. Wenzangu wakaandika. Mimi kalamu nikaiweka chini. Nilikuona mawazoni wewe na Mama mkikata ile njia ya mchanga ya mtaa wetu wa Shika Adabu kwenda shule, Mama kajitanda buibui lake la Idi, wewe umepakwa mafuta hadi unameremeta. Nani alikuficha, dada?

Maneno yalikuwepo, sikatai. Ile homa iliyokupooza mkono wa kulia ukiwa na miaka mitatu, kila mtu aliipa sababu yake. Bibi alisema ni amri ya Mungu, basi. Jirani yetu Mama Kadzo, Mgiriama wa Kaloleni, alisema ni mizimu ya ukoo imesahauliwa, inataka sadaka. Shangazi alimlaumu Mama kwa kupita makaburini na mimba, na kwa hilo sijamsamehe mpaka leo. Lakini ni hao hao waliokutuma dukani, wakakugombeza ukichelewa, wakakupa zamu yako ya kukuna nazi kama sisi wengine.

Na chuoni, tulikosomeshwa Kurani, je? Maalim alikuwa mkali, na sote tulijua ataupiga bakora mkono wako wa kushoto ukithubutu kuandikia.

"Huu wa kulia una nini, mwanangu?" akakuuliza.

"Haunyanyuki, Maalim."

"Basi andika na huo ulopawa."

Akakuketisha katikati yetu, somo likaendelea. Hakuhitaji semina.

Shuleni ndiko kulikokuwa na mtihani wa sikio. Wengi hatukuwa na vyeti vya kuzaliwa, kwa hivyo mtoto alipitisha mkono wa kulia juu ya kichwa aguse sikio la kushoto. Ukifika, umekua, unaandikwa darasa la kwanza. Ulipokuwa na miaka saba mwalimu mkuu alikurudisha. Ukiwa na minane akakurudisha tena. Mwaka wa tatu Mama alitupeleka sote wawili. Mkono wangu ukafika kwa kuvutavuta. Wako ukabaki ubavuni. Ndipo ukanyanyua wa kushoto mbele ya foleni nzima, ukaupitisha juu ya utosi, ukalikamata sikio la kulia, ukalivuta.

"Huo hauhesabiki," akasema mwalimu mkuu. "Mkono ni wa kulia."

"Mwalimu," Mama akamwambia, "kwani yuaingia skuli mkono ama yuaingia mtoto?"

"Mpeleke shule ya walemavu huko bara. Hapa atatuchelewesha."

Huko bara! Mtoto ambaye hajawahi kulala nje ya nyumba ya mamake.  Mama alikushika mkono, ule wa kulia, mkatoka. Mimi nikaachwa kwenye foleni ya waliofaulu, na nikwambie kweli, nilikuwa na furaha.

Ile sare ya buluu aliyokushonea miaka miwili kabla ilikuwa bado imekunjwa kwenye sanduku. Nikavaa mimi. Haikuhitaji kupunguzwa popote, maana ilishonwa ukiwa na umri wangu.

Kila alasiri ulikuwa ukinivamia mlangoni: "Nionyesha mulosoma leo!" Kufika darasa la pili, kazi zangu za nyumbani ulikuwa ukiziandika wewe. Siku moja mwalimu mkuu akalinyanyua daftari langu darasani. "Huu ndio mwandiko! Nani kakufunza?" Nikasema, "Hakuna, mwalimu." Nikapigiwa makofi. Nilipokusimulia ulicheka mpaka ukakaa chini. "Alhamdulillahi," ukasema, "angalau mwandiko wangu umeingia." Mimi pia nilicheka. Leo kicheko kile kinanichoma.

Ukafariki mwaka juzi hujawahi kuketi kwenye dawati, wewe uliyeandikia nusu ya wanawake wa mtaa barua zao. Na sasa tunaambiwa tuliokunyima shule ni sisi, kwa mila zetu, ilhali kwenye mila hizo ulipata kikao chuoni na zamu kwenye mbuzi ya nazi. Aliyekufungia mlango alikuwa na kalamu, kengele na orodha ya majina. Alikuwa mwalimu, kama mimi.

Pale ukumbini sikulitaja jina lako, kama ambavyo sikulitaja darasani. Nimekasirishwa na yule mgeni, nimekasirishwa na mwalimu mkuu, lakini anayenikasirisha zaidi ni mimi. Ndiyo maana naiandika barua hii wazi, asome kila mtu. Januari nitakaa mimi kwenye meza ya kuandikisha darasa la kwanza. Hakuna mtoto atakayeshikishwa sikio mbele yangu. Nitamuuliza jina lake, basi.

Na lile swali la mwalimu mkuu nalijibu leo, nimechelewa. Nani kanifunza? Ni Mwanakombo, mwalimu, yule mliyemrudisha.

Mola akulaze pema, dada. Nakukosa.

Mdogo wako,
niliyeivaa sare yako