Mama wa bowa kwenye barabara ya Kasapa

Mama yangu mupenzi,

Jambo kutoka Lubumbashi, fasi mvua inanyesha mpaka ndani ya viatu. Siku hizi muji umetuwekea sheria sisi bamotari, wabeba abiria kwa pikipiki: tuvae jile, kile kizibao, yenye nambari mugongoni, na tubebe tu mutu aliyetuita kwa simu. Ukiokota mutu njiani, polisi wanakamata pikipiki.

Leo karibu na Kasapa, mama muzee mwenye kitunga cha bowa, ule uyoga unaotupikia na karanga, akapanda nyuma yangu bila kuuliza, kama tunavyofanya kule kwetu Mitwaba.

"Mama, sheria inakataza. Piga simu kwanza."

"Nipige simu, na weye uko hapa mbele yangu?"

Nikavua jile, nikafunika bowa zisilowe, tukaenda. Alipokuwa anashuka akasema, "Aksanti, mwana wa Mitwaba." Alinijua kwa kusikia tu namna ninavyosema. Hapa wengine wote wananiita nambari.

Usiende shambani na mvua hii, Mama. Na umutajie mutoto wangu jina langu kila asubuhi, asinisahau.

Jile ingali inanuka bowa, kama jiko lako. Sitaifua.

Mwana wako,
Ilunga