Pedali Iliyobaki Chini

Rusimbi, Kigoma
Jumapili, 16 Novemba 2025
Asubuhi: mvua imekatika saa kumi na mbili. Ziwa jeupe, milima ya Kongo haionekani.

Mpendwa mdogo wangu Feliksi,

Habari za Tunduma na baridi yake? Kifua chako kimepona? Mkeo na mtoto nawasikia tu, sijawaona hata kwa picha, lakini nawasalimu kama nawajua. Sisi huku tu wazima. Mama macho yanamsumbua, ila bado anachambua mchele mwenyewe na kokoto hazimpiti.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu ninalotaka kusema lazima nilimalize, na kwenye simu nisingefika mwisho.

Mwezi uliopita Bariki, yule mnunuzi wa dagaa wa Kibirizi, alikuja kuulizia pikapu ya Baba. Haijaguswa tangu siku ile. Tulivua turubai, nikafungua mlango, nikakuta pedali ya klachi imelala sakafuni kama kuna mguu umeikanyaga. Bariki akacheka, "Dada Scola, Mzee hajashuka bado!" Nikacheka naye. Alipoondoka niliingia chumbani nikakaa kitandani hadi jioni.

Unanijua, naandika kila kitu. Jumatatu tarehe 20 jioni niliinua pedali kwa mkono. Asubuhi ilikuwa chini. Jumanne nilitandika shuka kuukuu chini ya gari nione kama inavuja. Shuka lilikuwa kavu. Jumatano niliitegea kipande cha mbao. Asubuhi mbao ilikuwa imeanguka pembeni, pedali chini. Mama akasema tumwite padri. Nikamwambia tuanze na fundi.

Fundi Bonaventura alikuja Alhamisi. Alikanyaga, akainua, akasikiliza. "Hapa hakuna jini, dada. Jini hawezi kazi hii." Akafungua kopo la klachi, ambalo nalo hutiwa mafuta ya breki, akachovya kidole, akanusa. "Haya ni mafuta ya breki au mchuzi?" Juu palikuwa na utando mwekundu, kama wa mchuzi uliolala.

Akafungua masta, ile silinda inayosukuma mafuta ukikanyaga pedali, akachomoa mpira wa ndani. Ulikuwa umevimba na kulainika kama uyoga. Akauweka kando ya mpya nione tofauti.

"Mpira huu hautaki mafuta ya kula," alisema. "Ukivimba, unaziba kitundu cha kurudishia mafuta. Pedali ikienda chini hairudi. Injini itanguruma, magurudumu hayapati nguvu. Aliyeufunga aliufunga vizuri kabisa. Aliyeharibu ni huyo aliyetia mawese. Nani huyo?"

Nikamwambia sijui.

Feliksi, ni mimi.

Nilifungua shajara ya Jumamosi, 9 Machi 2019, wiki moja baada ya wewe kubadilisha ile mipira. Nimeandika hivi: "Maji ya rejeta yanatosha. Kopo la klachi limeshuka chini ya mstari. Chupa ya mafuta ya breki tupu. Nimeongeza mawese vijiko vitatu, nimeyachuja kwa kitambaa safi." Niliyachuja, mdogo wangu. Mawese tunapaka bawaba, mnyororo wa baiskeli, ngozi ya mtoto mchanga. Sikudhani kuna kitu duniani kinachoyakataa. Sikukuambia kwa kuwa niliona ni jambo dogo, kisha nikalisahau.

Siku tano baadaye tulikwenda Kalinzi kumchukua Baba, tumpeleke hospitali. Safari hiyo unaijua. Mimi nilikuwa nyuma nimempakata kichwa. Nakuona mpaka leo umeinama chini ya usukani, unaivuta pedali kwa mikono miwili, "Dada, haipandi, haipandi." Ulifungua boneti, ukalitazama kopo, ukaona mafuta yamefika kwenye mstari. Yalikuwa kwenye mstari kwa mkono wangu. Baba alikata roho saa tisa alasiri. Lori la kutuvuta lilifika saa kumi.

Matangani Baba mdogo Elikana alisema mbele ya watu kwamba ufundi wako wa kubahatisha ndio umemuua kaka yake. Ukaondoka kabla ya matanga kuisha. Nilisikia kila neno nikanyamaza, kwa sababu nami niliamini hivyohivyo. Hilo ndilo linaloniamsha, kuliko pedali.

Jana nilimwita Baba mdogo. Mama alikuwepo. Niliweka mpira kwenye kisahani, nikamsomea ukurasa.

"Soma tena," alisema.

Nikasoma tena.

"Wewe na kalamu yako! Unaandika mpaka kuku akitaga, halafu hili hukulisoma miaka sita?"

Mama akamwambia, "Elikana, kunywa chai." Naye akasema, "Shemeji, chai itapita wapi? Nimemfukuza mtoto kwenye msiba wa baba yake." Akaondoka. Alipofika barazani alirudi, akaniomba kalamu na karatasi.

Pikapu imepona. Masta ni mpya, mipira yote imebadilishwa, mabomba yameoshwa, hewa imetolewa. Nimemwambia Bariki atafute gari kwingine. Pedali inakaa juu. Hata hivyo kila alfajiri najikuta nimesimama pale na tochi, naitazama, na siwezi kukuambia kwamba inanituliza.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nimekuwekea ule mpira, na ukurasa wenyewe nimeuchana kwenye shajara. Sijawahi kuchana mwingine. Ni vyako. Yeyote atakayekutajia tena kifo cha Baba, mwonyeshe.

Mama anakusalimu na kumwombea mjukuu wake. Mdogo wetu Recho na jirani yetu Bi Ziada wanakusalimu pia. Baba mdogo Elikana hakutuma salamu. Anasema hana uso wa kuzituma. Karatasi ndogo iliyokunjwa mara nne ni namba yake ya simu, kaiandika mwenyewe. Amesema simu hataizima.

Mungu akufunike wewe na nyumba yako, na mzigo usio wako aushushe mabegani mwako.

Ni mimi dada yako, niliyekupenda hata nilipokunyamazia,
Scola

Jumatatu, kabla ya kufunga bahasha: usiku wa kuamkia leo usingizi haukunijia hadi saa tisa na robo.