Neno la Bi Rukia Kwenye Daftari la Zamu

Mama,

Khitma yako tumeshaisoma. Kanga zako nshazigawa, isipokuwa ile ya zambarau. Hiyo nimeifungia kabatini kwangu na sitaki mtu aniulize.

Kuna jambo limenikaa rohoni tangu siku niliyokwenda kule hotelini Shangani kuchukua vitu vyako. Walinipa mfuko: makubadhi yako, miwani, na ndani yake, kwa bahati mbaya au kwa makusudi, sijui, daftari la zamu la wafanya usafi. Nikalifungua palepale barazani. Wiki yako ya mwisho kazini, kando ya jina lako, Bi Rukia kaandika neno moja la Kiingereza: "gripes". Siku tatu mfululizo. Chini yake meneja, yule mzungu, katia wino mwekundu: hakuna ruhusa.

Mimi nasomesha Kiingereza, Mama. Neno hilo nalijua. Ni manung'uniko, kulalamikia vitu vidogo vidogo. Nikaona giza. Bi Rukia, msimamizi wako, shoga yako uliyekula naye sahani moja miaka yote, ndiye aliyekuchongea! Kikulacho ki nguoni mwako. Nikakumbuka alivyolia msibani kutushinda sisi wanao. Alileta sufuria ya pilau, akaiweka, akaondoka bila ya kukaa. Kwa nini? Kila wema wake nikaupindua kutazama chini yake kuna nini.

Wiki mbili sikumwamkia. Akinipigia simu, siipokei. Ijumaa moja baada ya sala akaja mwenyewe hadi nyumbani Mtoni.

"Zuwena, nimekukosea nini, mwanangu?"

Nikamwekea daftari mapajani. "Uliandika mama analalamika."

Alilisogeza karibu na macho. "Analalamika? Mie niliandika tumbo! Si ndo neno la kwenye chupa ya dawa ya watoto wachanga, ile "gripe water"? Wewe mwenyewe nilikunywesha ukisokotwa, mama yako yuko kazini. Kiingereza cha tumbo mie nnakijua hichohicho."

Sikumwamini. Nilijiambia kapata muda wa kutunga. Hata machozi yake niliyatazama kama mtu anayekagua noti.

Alipoondoka nikafungua kamusi kubwa ya shule. Mama, neno lile asili yake ni kushika, kubana kwa mkono. Kisha likawa la tumbo linalobana, msokoto. Manung'uniko yamekuja nyuma kabisa, baada ya karne nyingi. Bi Rukia alikuwa akikuombea ruhusa, na maana yake ilikuwa kongwe kuliko yangu mimi mwalimu.

Lakini shaka ikishaingia haitoki kwa kamusi. Nikaenda kwa meneja. "Nilidhani amechoka na kazi tu," akasema, macho yapo kwenye simu yake. Mara tatu limeandikwa, hakuuliza hata mara moja, na tumbo hilohilo ndilo lililokuondoa. Huyo sijamsamehe.

Nikatoka pale nikitafuta mwengine wa kumshuku, nikakuta nimebaki mimi.

Unakumbuka asubuhi ya Jumatano ya wiki ile? Umekaa juu ya kigoda jikoni, mkono tumboni. Ukasema, "Zuwena, tumbo linanisokota." Mimi nafunga ushungi, nnachelewa shule. Nikakujibu, "Mama nawe, kila siku kulalamika." Ukainuka, ukaenda zako kazini.

Kwa Kiswahili, Mama. Hapakuwa na kamusi ya kusingizia.

Hili sijamwambia mtu. Bi Rukia nilimfuata jana, nikamwambia shikamoo, na marahaba yake ikatoka kabla sijamaliza. Nikamwomba radhi. Akanishika mkono, akasema, "Yameisha." Sijui kama yameisha kweli. Nilimtazama usoni mpaka akacheka.

Nilipokuwa naaga akaniambia goti linamuuma tangu mwezi wa Ramadhani, ila ni kidogo, nisijisumbue. Jumatatu nampeleka hospitali. Akikataa nitambeba.

Nakuaga, Mama. Mungu akupanulie kaburi lako, alitie nuru. Na kama huko mnasikia, sikia ahadi yangu: mtu akiniambia anaumwa, nitavua ushungi, nitakaa chini, nimuulize wapi.

Nisamehe.

Mwanao,
Zuwena